Mabua ya Delmar Wangler na Miaka Thelathini na Minane ya Bi. Verna Kessel

Kabla hujaendelea, tafadhali: lolote lililo katika ukurasa huu lisimfikie Bi. Verna Kessel kabla ya Ijumaa, tarehe 20 Novemba, saa nane mchana. Usimsomee mtu kwenye simu. Usiuache juu ya kiti cha pikapu, kwa maana Bi. Verna huchungulia magari ya watu aone viatu vyao vimekanyaga udongo gani. Toleo hili la jarida letu sikulichapisha ofisini. Nimelichapisha kanisani, nikalikunja mwenyewe.

Siku hiyo Bi. Verna atastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Hifadhi ya Udongo ya Kaunti ya Dornfeld kwa miaka thelathini na minane. Mimi, karani wake, nimefanya kazi naye miwili tu, kwa hiyo mengi yaliyomo humu nimesimuliwa na nyinyi. Nilipokosea mnisamehe.

Alikuja akiwa na miaka ishirini na sita. Eugene Fettig anakumbuka siku ya kwanza alipofika kwao. Marehemu baba yake alitoka nje akamtazama yule msichana mwenye koleo begani.

“Binti, tunamngoja bwana shamba.”

“Ndiye mimi, mzee. Shimo nichimbe wapi?”

Alichimba, akamega bonge la udongo, akalinusa, kisha akamwonyesha mzee tabaka jeusi lililobaki juu, unene wa kiganja. Alimwambia kwamba tabaka lile lilichukua miaka mingi kuumbika kuliko umri wa kanisa lao, na kwamba upepo wa Mei unaweza kulibeba mchana mmoja. Mzee Fettig hakulima Oktoba ile. Aliyaacha mabua ya ngano yasimame yaushike udongo hadi masika. Majirani walimcheka kwamba amekuwa mvivu uzeeni.

Wakati ule, ukisimama kwenye kilima cha ghala la nafaka mwezi wa Novemba, mashamba yalikuwa meusi mpaka mtoni. Leo, katika kila mashamba manne, matatu yamevaa mabua au shayiri ya kufunika udongo. Mvua inazama badala ya kukimbia. Kina Fettig wanavuna alizeti pale ambapo babu yao aliyaacha mabua, na vijana wawili waliokwenda mjini wamerudi kwa sababu shamba linaweza tena kulisha nyumba mbili. Bi. Verna hasemi kwamba ni kazi yake. Husema udongo ukishiba, watu nao hushiba, kisha huuliza kahawa iko wapi.

Mmoja tu hakumpata: Delmar Wangler. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila Septemba alimwendea, na kila Septemba Delmar alikataa kuyaacha mabua. Mwaka ule wakulima walipofukia chupi mpya za pamba mashambani kwa miezi miwili, ili kuona udongo upi una uhai wa kuzila, ya kina Fettig ilitoka lastiki tupu. Ya Delmar ilitoka nzima.

“Ona ilivyo safi,” Delmar alisema mbele ya watu wote. “Nitaivaa Jumapili.”

“Ivae, Delmar,” Bi. Verna akamjibu. “Hata minyoo imeikataa.”

Niruhusuni kueleza na langu. Wiki yangu ya tatu kazini niliacha sanduku la sampuli za udongo chini ya bomba linalovuja. Lebo arobaini na mbili zilifutika. Nilikaa sakafuni nikiandika barua ya kuacha kazi. Bi. Verna alivuta kiti, akalowesha udongo wa kila mfuko kidogo, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada huku akitaja majina: huyu Fettig wa juu, huyu Fettig wa bondeni, huyu mjane Schaan. Mifuko miwili ilimshinda. Alichukua koleo akaenda kuchimba upya, na hakumwambia mtu mpaka leo ninapowaambia mimi.

Sasa siri yenyewe. Mnaukumbuka upepo wa Mei iliyopita. Udongo wa Delmar ulivuka barabara ukarundikana makaburini, ukafunika mawe ya wazazi wake mpaka kwenye majina. Delmar alikwenda peke yake kuuzoa. Bi. Verna alipita, akasimamisha gari, akashuka na koleo lake. Walizoa mpaka jioni, wakiurudisha udongo shambani kwa toroli.

Oktoba hii, Bi. Verna akiwa nje, Delmar aliingia ofisini na kofia mkononi.

“Karani, unajua siku ile Bi. Verna aliniambia nini pale makaburini?”

Nilimwambia sijui.

“Hakusema kitu. Angenisema, ningelima tena, haki ya Mungu. Nenda kaangalie shamba langu. Halafu ufunge mdomo. Nitamwonyesha mwenyewe.”

Nilikwenda. Ekari zote mia sita, mabua yamesimama.

Ijumaa hiyo saa nane Delmar atamchukua kwa pikapu yake, akidai ana ugomvi wa mpaka. Anaomba wawe wawili tu na koleo. Sisi tutamngoja kwenye ukumbi wa kanisa kuanzia saa kumi na moja, na supu ya viazi na vitonge vya unga. Akina mama wa kwaya wataleta keki za krimu. Nakala ya jarida hili atakabidhiwa hapo, na kwenye nakala hiyo, Bi. Verna, ofisi nzima inakushukuru kwa kila shimo ulilochimba na kulifukia vizuri. Upumzike kwa afya, na bustani yako isikose mvua.

Zimebaki wiki mbili, nami naogopa. Ili asipite kwa Delmar akayaona mabua kabla ya siku, nimemdanganya kwamba daraja la barabara ya Wangler linatengenezwa, naye jana aliniuliza ni fundi gani anayelitengeneza. Ukiiona pikapu yake ya kijani ikielekea huko, nitafute mara moja. Usipige simu ya ofisi, kwa sababu yeye ndiye huipokea. Piga nyumbani kwa mama yangu, Rosemarie Aberle, useme tu “kwa Colton”, au uache ujumbe kwa mhudumu wa dirishani pale kwenye ghala la nafaka. Nitakuja mbio.

Usiponipata, simama katikati ya barabara umwulize kuhusu udongo wako. Hajawahi kulipita swali hilo bila kuzima gari.