Udongo Mweusi Juu: Kumuaga Kapitolina Yegorovna

Tarehe 31 Mei, Kapitolina Yegorovna Rudneva anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Udongo cha Sukhaya Balka kwa miaka thelathini na saba. Alikuja kutoka chuoni Voronezh na kisu kimoja cha kukwangulia udongo, na anaondoka na kisu hichohicho, ingawa kimebaki nusu.

Kazi yake ilikuwa kusoma ukuta wa shimo. Juu kuna tabaka A, jeusi, lililotokana na mizizi ya nyasi iliyooza mwaka hadi mwaka huku minyoo ikiichanganya. Chini yake ni B: maji ya theluji hushuka na chokaa, kisha huiacha humo kama vitone tunavyoviita macho meupe. Chini kabisa ni C, udongo wa manjano ulioletwa na upepo wa kale, ambao mizizi michache tu huufikia. Kapitolina hakugawa herufi hizo kwa rangi peke yake. Alifinyanga, alinusa, alidondosha asidi; pale udongo ulipoanza kutoa povu, dalili ya chokaa, ndipo alipochomeka msumari wake wa alama.

Kukosea alikosea. Kiangazi chake cha kwanza aliwaonyesha wageni kutoka Moscow udongo mweusi ndani kabisa ya C, akatangaza kwamba ni tabaka A la kale lililofukiwa. Alipokwangua shubiri moja zaidi, tabaka likawa duara kama sahani. Kumbe ni shimo la baibak, yule panya mnene wa nyika, lililojaa udongo ulioporomoka kutoka juu. Mitrofan, dereva na mchimbaji wetu, akainama akagonga ukuta: "Hodi! Mwenye nyumba yupo?" Kapitolina alicheka kuliko wote. Tangu hapo, akimwona mwanafunzi ana haraka ya kuandika herufi, humwambia, "Bisha hodi kwanza, mwanangu."

Alikuwa na sheria moja. Udongo unaotoka shimoni uwekwe mafungu mbalimbali, na urudi kama ulivyokuwa: C kwanza, A mwisho. Mitrofan alilalamika kila mara, hasa supu ya kabichi ilipokuwa inapoa.

"Kapitolina Yegorovna, tufukie tu. Ardhi itajipanga yenyewe."

"Itajipanga, Mitrofan, ila mimi na wewe hatutakuwepo. Shika beleshi."

Vuli iliyopita Mitrofan alifariki. Alikuwa mume wa anayeandika haya. Makaburi ya kijijini kwetu yana upara: udongo wa chini hurudishwa juu, jua huupasua, na miaka hupita bila jani kuota. Hilo ndilo mjane aliloliogopa, wala hakumwambia mtu. Asubuhi ya mazishi mvua ilinyesha, na wachimbaji walitaka kumaliza upesi. Walimkuta Kapitolina ameshafika na maturubai mawili, anakata mabonge ya nyasi pamoja na mizizi yake na kuyapanga pembeni.

"Mama, unazika mtu au unapanda viazi?" mmoja akamtania.

"Namzika aliyenifukia mashimo yangu yote sawasawa. Mweusi huku, wa manjano kule. Na wewe mwenye mabuti makubwa, toka kwenye ukingo wangu!"

Walinung'unika, wakafuata. Beleshi za mwisho za udongo mweusi alizitia mwenyewe, akaweka nyasi juu yake, akakifuta kisu kwenye mkono wa koti, wa kushoto kama kawaida yake.

Mwezi huu nyasi za pale zimechanua, zile zenye manyoya meupe yanayolala upepo ukipita. Ukiwa mbali hujui kwamba palichimbwa.

Kapitolina Yegorovna, kituo kizima kinakushukuru. Nenda kapumzike, ule matango ya bustani yako bila kuyapima povu, na uzee wako uwe mtulivu na mrefu. Na siku utakayopita makaburini, bisha hodi. Mwenye nyumba yupo.