Kimya Kinaanzia Getini

Gari la Paje lilikuwa na abiria wachache, kwa hiyo niliyasikia yote bila ya kutega sikio. Perpetua, mwanakwaya wa mjini, alikuwa akimweleza Bi Mwatima, mkulima wa mwani, kwamba jumuiya yake ya kanisani iko kwenye mafungo ya kimya huko pwani.

"Ukishavuka geti, hakuna kusema mpaka Jumapili. Mwaka jana nilishindwa siku ya kwanza. Padri kasema safari hii nikifungua mdomo, narudishwa mjini."

"Kumbe ndiye wewe!" alicheka Bi Mwatima. "Nlikuwa baharini nafunga mwani, nkasikia yowe. Nkadhani mamba kaingia Paje."

"Alikuwa mjusi, bibi. Lakini mkubwa."

Perpetua akaamua kuyasema yote kabla ya geti: kufika Tunguu, alikuwa keshamaliza maneno ya Jumamosi. Kufika Jozani akaanza ya Jumapili.

Gari likasimama getini. Padri alikuwa pale pale, kidole mdomoni. Perpetua akashuka, kafumba mdomo kama chaza. Kikapu chake cha maandazi, alichompa Bi Mwatima amshikie njiani, kikabaki mapajani mwa bibi huyo. Perpetua akakionyesha kwa mikono miwili.

"Wataka nini, mwanangu?" aliuliza Bi Mwatima, kakikumbatia. "Sema tu, ntakupa."

Padri akatoa macho. Garini sote, na konda, tukangoja.