Mama Vipande na Mgongo wa Kiti cha Kumi na Mbili

Ijumaa hii, tarehe ishirini na tisa, dada yetu mkubwa wa meza ya rangi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitano katika karakana hii. Jina lake kamili liko kwenye faili la ofisini. Sisi tunamwita Mama Vipande, kwa sababu mifuko ya aproni yake haijawahi kukosa vipande vya ngozi vya kujaribia rangi. Siku ya harusi ya binti yake alifungua mkoba atoe leso, vikadondoka vipande vitatu mbele ya wakwe.

Alianza kama mfagiaji, chini ya meza za mafundi wanaogonga nakshi za maua na majani kwenye ngozi. Mabaki aliyoyafagia hakuyatupa. Aliyapeleka nyumbani akayajaribu kwa majani ya chai, kwa siki iliyolowekwa misumari yenye kutu, kwa chochote kilichoacha doa. Siku moja fundi mkuu wa wakati ule akaokota kipande cheusi tii, akauliza kimepakwa na nani. Wiki iliyofuata ufagio ukapata mtu mwingine.

Kutulia hajui. Kutoka mezani kwake hadi mlangoni ni hatua kumi na moja, na anazitembea kutwa nzima kwa sababu haiamini taa ya dari. Anapaka, anakimbilia mwanga wa nje, anakunja uso, anarudi. Kwanza huifuta ngozi kwa kitambaa chenye unyevu ili isiinywe rangi kwa pupa. Kisha rangi nyepesi, nyepesi tena, na tena. Kwenye mifereji ya nakshi mkono hupita haraka, maana hapo ndipo rangi huzama. Ikikauka, mafuta, halafu nta, na kila kimoja hutia giza lake. Rangi anayoitaka mteja iko mwisho wa yote hayo, na mpakaji lazima aione angali mwanzoni.

Wateja nao wana mambo. Kuna aliyeleta kiatu kimoja cha marehemu baba yake, akitaka rangi ile ile. Kuna bibie aliyetaka mkoba wa rangi kama ya mkoba wa wifi yake, ila upendeze zaidi, na mfano hana, maana wifi asijue. Mama Vipande alimhoji kama askari, akampatia. Tulisikia wifi alinuna mwezi mzima.

Mimi nimekuwa msaidizi wake miaka kumi na mmoja, na niseme ukweli mbele za Mungu: nimewahi kumharibia kazi. Nilijaribu rangi kwenye kipande cha tumboni mwa ngozi, nikaipata barabara, nikaipaka kwenye mikanda arobaini iliyokatwa mgongoni. Tumbo ni legevu, linakunywa, mgongo umeshikana. Mikanda ikatoka imepauka kama wagonjwa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mdogo wangu, umemuuliza jirani habari za mwenye nyumba." Tukakaa wote wawili tukaipaka upya.

Sasa, wiki mbili zilizopita, mwenye ukumbi wa mikutano wa mtaa wa pili alituletea mgongo wa kiti uliochanika. Viti viko kumi na viwili, na Mama Vipande ndiye aliyevipaka miaka kumi na tisa iliyopita, kazi yake ya kwanza kubwa. Sharti lilikuwa moja: mgongo mpya ufanane na ile mingine, la sivyo viti vyote vivuliwe ngozi vivishwe plastiki. Fundi wa nakshi alitumia siku nne kugonga maua yale, na ngozi nyingine ya unene ule hatukuwa nayo. Nilijua kazi ni ya dada. Akanipa mimi sponji.

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Mimi Ijumaa naondoka, viti vinabaki. Kikichanika kingine, mtanifuata nyumbani na sponji?"

Siku hizo hapakukalika. Makopo aliyapanga, akayapangua. Nikisikia pumzi shingoni, nikigeuka, anajidai anatafuta mkasi. Vipande vyangu vya majaribio vilifika ishirini na saba, vyote vya mgongoni, vyote vimetiwa mafuta na nta. Katika sala nilijikuta naiombea rangi kabla ya wanangu, Mungu anisamehe.

Jumatatu nikapaka mgongo wenyewe. Baada ya mkono wa tatu, yaani tabaka la tatu, rangi ilionekana imefifia, na vidole viliniwasha kuongeza. Nikamtazama dada. Akageukia ukuta. Nikaiweka sponji chini. Jumanne mafuta, Jumatano nta. Mwenzetu anayekusanya kijitabu hiki cha kumuaga dada alikuja mara tatu kudai karatasi yangu, nikamjibu kwamba mwisho bado sina.

Leo Alhamisi asubuhi mgongo umefungwa kitini kule ukumbini. Mwenye ukumbi akavichanganya viti, dada akisubiri nje, tuone kama atakitambua chenye mgongo mpya. Akaingia, akapita mara moja, akarudi, akapita tena. Mara ya tatu akaanza kuinama na kunusa kimoja kimoja. Kwenye cha saba akagonga kwa kidole. "Hiki hapa. Nta bado mbichi."

Mwenye ukumbi alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama yangu, wageni wangu hawaji kunusa viti!" Viti vyote vinabaki na ngozi.

Njiani kurudi, kwenye kona ya mwisho, dada akaniuliza nilipaka mikono mingapi. Nikamwambia mitatu. Akatembea kidogo. "Mimi ningepaka minne," akasema. "Ningeharibu."

Dada yetu, asante kwa kila hatua ya miaka hii yote. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe afya na siku nyingi za furaha pamoja na wanao. Ukipita mlangoni petu usiishie barazani, ingia ndani. Tutakuwa na kitu cha kukuonyesha.