Nzi Anayeitwa Morag

Ni nani kati yenu mlioketi humu kanisani, kofia magotini, anayejua jina halisi la nzi wa ndoano aliyenasa samaki wa samoni wengi kuliko nzi mwingine yeyote katika mto wetu wa Fiarach? Msiniambie "Brigedia", maana mkisema hivyo nitasoma upya kutoka mwanzo, na mvua inakuja.

Mchungaji, ndugu, majirani, baba yangu Kenneth ameniomba niisome historia ya mama yake kwa kuwa sauti imemkauka, na kwa kuwa mimi, mwenye shahada na nisiye na kazi tangu nihitimu, ndiye niliyekuwa na muda wa kukaa na bibi miaka mitatu nikimsikiliza.

Marehemu Dolina Gillanders alizaliwa tarehe 9 Novemba 1941 hapa Inverfiarach, mtoto wa tatu wa tarishi Hector Matheson na mkewe Chrissie, akaanza shule ya kijijini mwaka 1947, akafaulu mtihani wa kwenda sekondari ya mjini, lakini akabakizwa nyumbani amuuguze mama yake. Tarehe 6 Mei 1957 aliajiriwa katika chumba cha kufungia nzi cha milki ya Glenfiarach, dirisha moja, jiliwa nne za kubania ndoano, wasichana wanne, kazi yao kuivika ndoano manyoya, uzi wa fedha na nywele za wanyama mpaka chuma kionekane kama kiumbe hai, na ndani ya mwaka mmoja wenzake walikuwa wanamwita Dolina Mashine, naye anawajibu, "Mashine haili, mimi nataka mkate na siagi."

Aliolewa tarehe 4 Juni 1966, humu humu, na Lachlan Gillanders, mwongoza wavuvi wa milki hiyo hiyo, mtu mpole aliyewaita wageni wote "sir", hata waliolewa pombe wakaanguka mtoni. Walijaliwa watoto wawili, Kenneth, aliyezaliwa 1968, na Morag, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1975, akaishi siku nne, akazikwa bila jiwe la kaburi.

Kiangazi cha 1976 mto ulikauka mpaka mawe yakatoa migongo, samoni wakalala chini ya dimbwi la Darajani wiki tano bila kugusa kitu, na bibi akaona ambacho mabwana wenye fimbo za kuvulia za fahari hawakukiona, kwamba nzi wao walikuwa wanene mno kwa maji maangavu vile. Basi kila alipotoka kazini alikaa jikoni, akaacha nusu ya ndoano uchi, akazungusha unyoya mmoja mweusi wa kuku, mara mbili tu, akatengeneza bawa kwa nywele chache za mbwa wao wa kondoo, na sufu ya mkia wa nzi akaichambua kutoka kofia ya rangi ya chungwa aliyokuwa amemfumia Morag. Kila nzi alimjaribu katika bafu la kuogea, Lachlan akivuta uzi, yeye amepiga magoti anatazama: "Taratibu, mume wangu, huvuti ng'ombe!" "Na mimi nitaoga lini?" "Ukishanuka vizuri." Nzi kumi na wanane waliishia motoni. Wa kumi na tisa alipumua, yaani nywele zilifunguka na kujifumba majini, na bibi akasema, "Huyu ni Morag," babu akaitikia kwa kichwa.

Desturi ya mto mnaijua, aliyembuni nzi ndiye humpa jina, na mwongozaji humtajia mgeni jina hilo kabla samaki hajaandikwa katika kitabu cha kumbukumbu kwenye kibanda cha wavuvi. Tarehe 14 Julai babu alimfunga Morag kwenye uzi wa Brigedia mmoja, mgeni wa Bwana Carrick, mwenye milki, akatoka samoni wa ratili ishirini na nne, na Brigedia akauliza huku anacheka, "Mdudu huyu anaitwaje, mzee?" Babu, ambaye hakuweza kulitamka jina la mwanawe mbele ya mtu baki bila kulia, akatazama viatu vyake, akasema, "Bado hana jina, sir."

Maneno manne! Kufikia Septemba nzi alikuwa katika katalogi ya mauzo kwa jina la Brigedia, na yule wa kwanza, mwenye sufu ya kofia ya mtoto, alikuwa ndani ya kioo katika hoteli ya milki, chini yake kibao cha shaba kikisema kabuniwa na Brigedia. Bibi alipokwenda kulalamika, Bwana Carrick, ambaye yupo hapa, kiti cha mbele, alimwambia, "Dolina, mpenzi, mumeo mwenyewe kasema hana jina. Halafu nani atanunua nzi anayeitwa Morag?" Babu aliomba radhi mpaka alipofariki 1998, na kila mara alijibiwa, "Nyamaza ule," nadhani huo ndio ulikuwa msamaha.

Kwa miaka thelathini na minane bibi aliketi akiwafunga Brigedia, dazeni kwa dazeni, hadi alipostaafu 2014, na siku ya kumuaga wakampa, jamani, Brigedia ndani ya fremu, aliyemfunga mwenyewe wiki iliyotangulia.

Macho yalianza kumsumbua 2015, kisha vidole, na Januari mwaka huu wa 2019 nimonia ikamlaza, akafariki Jumapili tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla nilimuuliza, "Bibi, hukukasirika?" Akasema, "Nilikasirika kila siku, mtoto, ila mikono ilikuwa na kazi."

Yangu haina.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotuletea supu na kuni bila kuombwa, na wasichana wake wa chumba cha nzi, ambao leo ni mabibi na wamekuja na mikongojo. Lala kwa utulivu, bibi, utalala pamoja na mwanao.

Nawe Bwana Carrick, chai ya msiba umeiandaa hotelini, chini ya kioo hicho hicho, tunashukuru, lakini hakuna atakayeinua kikombe kabla hujaking'oa kile kibao kwa mkono wako, ukaandika, kwa kalamu tu kama shaba huna: Morag, kazi ya Dolina Gillanders, 1976.