Marahaba, Geuka: Kumuaga Mama Najat wa Vizibao

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Sihaba Farouk, ambaye sisi wote wa Kampuni ya Usafi ya Fagio la Ziwa tunamwita Mama Najat, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Aliingia kama mfagiaji wa barabara pale Kirumba, akawa msimamizi wa kikosi, na anaondoka akiwa mkuu wa usalama kazini. Mimi nilimkuta. Nilipoajiriwa ofisi ya ununuzi nilikuwa kijana mwenye kiuno, na yeye ndiye aliyenipokea. Kama kiuno hicho leo hakionekani, hilo si kosa lake.

Miaka ile tulivaa ovaroli za bluu iliyokolea. Rangi hiyo haionyeshi uchafu, tukajiona wajanja. Asubuhi moja kabla hakujapambazuka vizuri, Obedi, mmoja wa wafagiaji wa kikosi chake, alikuwa ameinama akizoa mchanga kando ya barabara ya kwenda soko la samaki la Mwaloni. Gari lililobeba magunia ya dagaa likamgonga na kumvunja mguu. Dereva alishuka, na alichoweza kusema ni neno moja: "Sikumwona." Wala hakuwa anadanganya.

Mama Najat ndiye aliyempanga Obedi kwenye kona ile. Alimuuguza hospitalini kama mwanawe wa kumzaa, na aliporudi kazini alituambia kwamba neno lile halitasemwa tena juu ya mtu wake yeyote. Hapo ndipo vizibao vya reflekta vilipoanza kwetu. Hapo pia ndipo amani yangu ilipoishia.

Mwenzenu nilidhani kununua kizibao ni kazi ya dakika tano: unauliza bei, unachagua rangi, unasaini. Mama Najat alinivalisha kila sampuli iliyoletwa, akanisimamisha kwenye tanki la maji mwisho wa uwanja wetu, yeye akakaa getini anaangalia. Kisha akapaza sauti, "Inama!" Nikiinama, tumbo linagoma. "Inama, Venant, hauko kwenye gwaride! Mfagiaji hafanyi kazi amesimama." Ni kweli. Vipo vizibao vilivyokuwa vinawaka mtu akisimama, akiinama tu ile mistari inayong'aa inajificha kwenye mikunjo ya tumbo, na mikunjo sikuwa nimepungukiwa. Ndiyo sababu mpaka leo vizibao vyetu vina utepe mpana unaopita juu ya mabega na kushuka mgongoni.

Vilivyofuzu alikwenda navyo nyumbani kwake, akavifua kwa sabuni ya unga, akavisugua na kuvianika juani, akavifua tena. Binti yake, Najat, alinilalamikia kwamba kamba yao ya nguo inafanya majirani waulize barabara itapita lini uani. Utepe ukibanduka, muuzaji alirudishiwa mzigo wake na maneno mawili matatu ambayo hayafai kuandikwa kwenye kijarida hiki.

Tusidhani hakuwahi kukosea. Kuna mwaka alichagua vya kijani kile kikali kinachoelekea njano, akasema hata kipofu angeviona. Tulivigawa Jumatatu. Jumatano mteja mmoja alimgusa bega Queen, aliyekuwa anafagia Mirongo, akamwambia, "Boda, Butimba buku mbili, twende?" Queen hakuinua hata kichwa. "Kaa kwenye ufagio tuondoke," akajibu. Kumbe bodaboda nao walivaa rangi hiyo hiyo, na ilikuwa hivyo mji mzima. Wafagiaji wetu walipata wateja wengi kuliko bodaboda wenyewe, na mfagiaji mmoja aliona bora akakope pikipiki kabisa. Hatukumwona tena.

Tulicheka sana. Mama Najat alicheka pia, halafu akaacha. Alikwenda kusimama barabarani siku mbili, akarudi na jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Madereva wanawaona watu wetu, alisema, lakini wanadhani ni bodaboda, kwa hiyo wanapiga honi na kusubiri wapishe. Bodaboda atapisha. Mtu aliyeinama na fagio atapishaje? Alikiri mbele ya mkutano mzima kwamba kosa ni lake, akaomba virudishwe vyote, tukahamia rangi ya chungwa. Tangu hapo tumebaki na chungwa.

Wafanyakazi wa alfajiri hawahitaji kukumbushwa salamu yake. Unafika stoo, unamwamkia, "Shikamoo Mama Najat." Yeye anaitikia, "Marahaba. Geuka." Unageuka, anakagua mgongo wako, anashika utepe kwa vidole. Ukiwa umechakaa, hutoki getini mpaka upewe kingine. Mkurugenzi wetu, Bwana Alexander, alipoingia stoo kwa mara ya kwanza akiwa na suti yake, naye aliambiwa ageuke. Aligeuka.

Mwezi Machi mwaka huu tulikuwa na zamu ya kununua vipya. Nilivaa cha kwanza, nikaenda kwenye tanki kama kawaida, sasa nikiwa na tumbo la cheo kamili. Mama Najat alikuwa getini na Queen, ambaye siku hizi ni msaidizi wake, na muuzaji aliyeleta sampuli. Mama akapaza sauti, "Vaa basi, Venant, unasubiri nini?" Nilikuwa nimevaa. Queen akamwambia taratibu, "Mama, ameshavaa. Tena anang'aa."

Wengi wetu hatukujua kwamba daktari alishamwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa amelificha jambo hilo kwa miezi, akihofu ataambiwa apumzike kabla ya tarehe yake. Muuzaji alianza kufunga begi lake, akamwambia kwa upole kwamba basi vijana wenye macho mazima wachague. Mama Najat alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akairudisha.

"Mwanangu," akamwambia, "madereva wa mji huu umewapima macho wote? Yule aliyemgonga Obedi ulimpima? Leteni kingine."

Nilivua na kuvaa mpaka nikatokwa jasho. Vizuri vizuri vyote, vyenye mifuko na zipu, hakuviona. Mwishoni nikavaa kimoja kipana kama gunia, chungwa tupu, utepe mnene usio na mapambo yoyote. Nikainama. Kutoka getini nikasikia, "Huyo hapo!" Alisema kwa furaha ya mtu aliyempata aliyepotea. Ndicho tulichonunua. Kinanifanya nionekane kama hema, lakini naonekana.

Sheria hiyo inabaki hapa baada yake: kizibao kinachoonwa na macho mazima peke yake hatununui. Queen ameahidi kuisimamia, na ameshaniambia nisipunguze tumbo.

Mama Najat atafanyiwa upasuaji wa macho mwezi Julai, kisha atatulia nyumbani Kirumba na wajukuu wake. Kwa niaba ya wote wanaofagia na kuzibua mitaro ya mji huu, na kurudi nyumbani wakiwa wazima, tunasema asante. Tunakuombea macho mapya, mama, afya njema, usingizi usiokatizwa na alfajiri, na kamba ya nguo yenye kanga tupu.

Jumamosi ya kukuaga tutakuwa uwanjani wote na vizibao vyetu, hata wenye suti. Obedi, ambaye sasa ndiye mlinzi wetu wa geti, ameomba awe wa kwanza kukuamkia. Atatokea kwenye tanki la maji, kwa mwendo wake ule wa kuchechemea, akiwa na kizibao chake cha chungwa. Usimwitikie haraka. Mngoje afike karibu, useme marahaba, kisha usimwambie ageuke: amesema safari hii atageuka mwenyewe, na sisi wote nyuma yake tutageuka.

Venant Ndalahwa, Ofisi ya Ununuzi