Nesi Aliyekiri Njaa ya Kwao

Wasikilizaji wapendwa, leo tuna msiba. Nesi Mwajabu Adamu wa Kondoa hatunaye tena. Ametutoka Jumanne kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka hamsini na minane.

Nesi Mwajabu aliuguza watu hapa Dodoma kwa miaka thelathini. Alikuwa na ulimi mkali, tusidanganyane. Ndugu aliyechelewesha mgonjwa angesemwa mpaka akome. Lakini kwa mtu mwenye njaa hakupaza sauti hata siku moja, na sababu alikuwa nayo moyoni.

Alipokuwa na miaka tisa, mdogo wake Khamisi aliumwa, macho yakawa ya njano. Kwenye zahanati wakamuuliza mama yao: mmekula nini? Mama akajibu, "Ugali mzuri tu." Haukuwa mzuri. Ulikuwa wa mahindi yaliyoota ukungu, na mama aliona aibu kusema. Khamisi akafa.

Sasa sikilizeni. Mwaka mmoja wa njaa, Matonya wa kule Bahi alimleta mkewe, Lea, hospitalini kwa Mwajabu. Macho njano, tumbo limevimba, damu inamtoka puani. Malaria, hakuna. Homa ya ini, hakuna. Madaktari wakamuuliza Matonya habari za chakula.

"Tunakula vizuri tu, daktari."

Mwajabu aliposikia maneno yale, alimkumbuka mama yake. Alikwenda akaketi sakafuni karibu na Matonya.

"Kaka, sisi kwetu tulikula mahindi mabovu. Mama akaficha, mdogo wangu akafa. Ninyi mnakula nini?"

Matonya akainamisha kichwa. "Hayo hayo, nesi. Tuliyaosha, tukayasaga. Na watoto wangu watatu watapikiwa uji wake mchana huu."

Ilikuwa karibu saa sita. Mwajabu akampa simu yake. Matonya akampigia jirani, Sila: "Kimbia nyumbani kwangu, mwaga uji!"

Sila aliwahi. Ilikuwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Lea aliongezwa damu, akatundikiwa dripu, lakini ini lilikuwa limekwisha. Alifariki siku ya tatu. Inauma, wapendwa. Watoto walilazwa kwa yale waliyokwisha kula, wakapona wote watatu.

Munira, binti wa marehemu, anasema: "Mama alimlilia Lea miaka yote. Mtu akisema mficha maradhi kifo humuumbua, alikuwa akikasirika. Alisema, 'Hayo ni maneno ya walioshiba.'"

Juzi, kwenye mazishi Kondoa, Matonya alikuja na wanawe, watu wazima sasa. Walileta gunia la mahindi ya kulisha msiba. Walikuwa wameyachambua punje moja moja. Munira alitia mkono mle ndani, akaangua kilio.

Mzee Shaaban, umempoteza mke. Munira, umempoteza mama. Poleni sana, Mungu awape subira. Nasi tuliobaki, kabla ya kusaga tuyatazame mahindi yetu. Na ukitaka mtu akwambie amekula nini, kaa chini kwanza, umwambie ulichowahi kula wewe.