Bei Iliyobanduliwa Rafuni

Gari la Ruangwa lilikuwa halijaiacha Nachingwea mbali Sikuzani alipoisoma risiti ya ndoo ya mafuta, aliyotumwa kununua na wenzake wa kikundi.

"Dukani, rafuni ni elfu arobaini, risiti arobaini na mbili," alimwambia mzee Selestini, jirani yake wa kiti. "Wenzangu watasema hiyo elfu mbili nimeila mimi."

"Ukirudi kudai, nauli nayo utailipa wewe, mwanangu. Na ushahidi huna."

Sikuzani akafungua pindo la kanga, akatoa kikaratasi cha bei alichokibandua rafuni ili asiisahau.

Mzee akacheka mpaka kofia ikamwangukia. "Kumbe mwizi ni wewe. Umewaibia wenye duka bei yao."

"Ndiyo nairudisha, babu."

Gari likasimama kupakia ufuta. Sikuzani akashuka na ndoo yake, akashika njia ya kurudi Nachingwea kwa miguu.